Balbu usinunue kwa macho ya dukani

Jumamosi kina mama wa kikoba cha hapa mtaani kwetu Buhongwa, Mwanza, waliniita niongee kidogo mambo ya taa za nyumbani kabla hawajaanza kuhesabu hisa, mwenyekiti kanipa dakika ishirini nikala saa nzima na ushee. Tangu jana simu inaita tu, fundi rudia ile ya uniti, fundi ile ya swichi ulisemaje, sasa nimeona niandike yote kama nilivyoongea, maswali nayo nimeyaacha humo humo. Mezani nilikuwa na ubao wangu wenye holda nne, balbu nne tofauti, kitenge cha mke wangu na sahani ya nyanya, kwahiyo nikivitaja msishangae.

Haya.

Shikamooni wazee wangu, mama zangu, mambo vijana. Mi nianze na swali. Nani hapa kashawahi kununua balbu bila kujaribishiwa dukani? Naona hakuna mkono. Sasa tuambizane ukweli, unafika dukani unasema nipe balbu, muuzaji anauliza ya wati ngapi, we unasema nipe ile ya kuwaka sana, anaichomeka kwenye kile kiholda chake pale kaunta, inawaka paa, unafumba macho, unasema ewaa, hiyo hiyo, funga. Umejua nini hapo? Umejua haijafa, basi. Hujajua italeta rangi gani sebuleni, hujajua itakula kiasi gani, hujajua itaishi mwezi au miaka. Umeiangalia saa saba mchana ikiwa nusu mita toka kwenye jicho, na nusu mita hata kibatari kinaumiza. Nyumbani hiyo balbu itakaa juu, usiku, na we hutaiangalia yenyewe, utaangalia mboga unayokata, daftari la mtoto, uso wa mgeni. Kwahiyo mtihani wa dukani na kazi ya nyumbani ni vitu viwili havijuani kabisa.

Tuanze na wati maana ndio neno tunalolijua wote. Wati ni chakula. Wati inakwambia balbu inakula nini, haikwambii inatoa nini, na nyie wafugaji hapa mnajua kuna ng'ombe anakula majani ya ng'ombe watatu ukikamua unapata kikombe. Kinachotoka kwenye balbu, yaani mwanga wenyewe, kinapimwa kwa lumeni, na kwenye boksi utaona namba imefuatwa na herufi mbili, lm. Hiyo ndio namba ya kuitafuta. Hii ya kwanza hapa ubaoni ni globu ya zamani, ile ya waya ndani, wati 60, inatoa kama lumeni 700. Hii ya pili ni LED ya wati 9, imeandikwa lumeni 806. Mama njoo hapa mbele, weka mkono karibu na hii ya kwanza, usiguse. Eeh umeurudisha haraka. Kwenye globu ya waya, katika mafungu 100 ya umeme unaoingia, yanayogeuka mwanga ni kama 5 tu, yaliyobaki yote ni huo moto uliokukimbiza. Tulikuwa tunanunua majiko tunayaita taa. Asante mama, kaa, tutarudi kwenye huo moto baadae maana una kazi yake.

Sasa LED haina waya wa kuchoma ndani, ina vijiwe vidogo vinavyotoa mwanga wa bluu, afu juu yake kumepakwa unga wa njano, bluu ikipita kwenye ule unga unapata mweupe. Ndio maana ukifungua LED iliyokufa unakuta vidoti vya njano. Jambo linaonekana dogo lakini ile bluu iliwasumbua wataalamu miaka mingi, nyekundu ilishapatikana toka 1962, bluu ya maana imekuja miaka ya 90, na wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia 2014 kwa ajili ya hiyo hiyo bluu. Kwahiyo ukiikuta inauzwa buku mbili pale kwa Mangi usiidharau, ila pia usiamini kila kilichoandikwa kwenye boksi la buku mbili.

Mnataka kujua mnavyoliwa? Nendeni kwenye mita ya LUKU. Pale kuna kitaa chekundu kinapepesa, na pembeni kuna maandishi, nyingi ni 1000 imp/kWh, yako inaweza kuwa na namba nyingine, isome. Kama ni 1000 maana yake kitaa kikipepesa mara 1000 uniti moja imekwenda. Sasa zima kila kitu nyumbani, friji chomoa, chaja chomoa, washa globu moja tu ya wati 60, simama na saa. Kitapepesa mara moja kila dakika. Itoe, weka LED ya wati 9, simama tena, utasimama mpaka uchoke, kinakuja kupepesa kama baada ya dakika sita na nusu na kidogo. Hakuna haja ya fundi wala mahesabu, umeona kwa macho yako. Na ukiweka balbu imeandikwa wati 9 ukakuta inapepesa kila baada ya dakika tatu, hiyo imekudanganya. Wenye mita zilizofungwa juu ya nguzo poleni, nyie hamuwezi kusimama huko.

Tufanye hesabu moja ya nyumba, moja tu, siwachoshi. Nyumba ina taa sita, zinawaka saa tano kwa usiku. Zikiwa za wati 60 zote, kwa mwezi ni uniti 54. Zikiwa LED za wati 9, ni uniti 8. Weka friji na tivii tuseme uniti 40. Nyumba ya kwanza iko 94, ya pili iko 48. Sasa kwa bei zilizoanza kutumika 2016, mteja wa D1, yaani yule wa nyumbani mwenye matumizi madogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, ukivuka hapo kila uniti ni 350, na hapo bado kodi na makato. Nyumba ya pili inalipa 4,800. Nyumba ya kwanza inalipa 7,500 afu zile 19 zilizovuka peke yake 6,650, jumla 14,150. Umeona mtego ulipo, sio kwamba taa zimekula sana peke yake, ni kwamba taa zimekusukuma ukavuka mstari, na kule ng'ambo ya mstari bei ni nyingine.

Najua mtu atasema fundi globu za waya siku hizi nani anazo. Kweli, wachache. Ila nikwambieni ninachokikuta sasa hivi nikienda kwenye nyumba ya mtu anayelalamika LUKU inaruka. Ndani kaweka LED vizuri, nje ya geti kaweka fladi laiti ya wati 50, inawaka saa kumi na mbili jioni inazimwa saa kumi na mbili asubuhi, siku akisahau inawaka mpaka mchana. Wati 50 kwa saa 12 kwa siku 30 ni uniti 18. Taa moja ya getini inakula zaidi ya mara mbili ya taa zote sita za ndani! Na wengine wameweka ya wati 100. Unamulika nini, unamulika ukuta wa jirani, jirani mwenyewe kaweka pazia zito kwa sababu yako. Hapo getini LED ya wati 9 inatosha mlinzi kuona sura ya mtu, na kama mwizi ndio hofu yako weka ile yenye sensa inayowaka mtu akipita, maana taa inayowaka ghafla inamshtua mwizi kuliko taa aliyoizoea.

Rangi. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndio wengi tunakosea na mimi nilikosea wa kwanza. Nilipojenga, vile vyumba viwili na sebule, nikasema mimi fundi bwana, nyumba yangu iwake. Nikanunua katoni nzima ya zile nyeupe, zile dukani wanaita dei laiti, kwenye boksi imeandikwa 6500K. Nikafunga kila chumba, usiku wa kwanza nikawasha zote nikamwita mke wangu aone. Akasimama mlangoni, akaangalia juu, akaangalia kochi, akasema baba nanii, sasa daktari anaingia saa ngapi? Nikanuna wiki nzima. Lakini alikuwa sahihi, nyumba ilikuwa kama zahanati, watu wote mnaonekana mmetoka kuugua, chakula mezani kimepauka.

Ile K ni kelvini, inapima rangi ya mwanga, na imekaa kinyume na unavyodhani, namba ikiwa ndogo mwanga ni wa njano wa joto, namba ikipanda unakuwa mweupe mpaka unaelekea bluu. Mshumaa uko kama 1900 hivi. Globu ya zamani 2700. Hizi wanazoita womu ni 2700 mpaka 3000. Za katikati 4000. Dei laiti 6500. Angalieni hapa ubaoni, nawasha hii ya 3000, tazameni kitenge. Wekundu mnauona? Na nyanya? Nazima, nawasha hii ya 6500. Mama mmoja anasema kitenge kimepauka! Hakijapauka, ni kile kile.

Kwahiyo chumbani na sebuleni mi naweka womu, 3000, sehemu ya kupumzika mtu akitoka kwenye mihangaiko. Na mwanga mweupe mkali usiku kabla ya kulala unauambia mwili bado mchana, usingizi unachelewa, hasa kwa watoto. Jikoni na mezani pa mtoto kufanyia homuweki 4000, unaona vizuri bila kuonekana mgonjwa. Hiyo 6500 muachieni fundi simu na anayechambua mchele. Mnaopenda weupe mkali sebuleni siwakatazi, nyumba zenu, ila msiseme hamkuambiwa.

Nje napo rangi ina neno. Nyie watu wa ziwani mnajua dagaa wanavuliwaje, usiku wa giza bila mwezi, zamani karabai siku hizi LED, mwanga unawaita wanakuja wenyewe. Wadudu nao ni vivyo hivyo, na wengi wanapenda mwanga mweupe wenye bluu kuliko wa njano. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanakuja kwenye taa, na wale wadudu wa ziwani wakipiga wingu mnawajua. Barazani ukiweka womu hawataisha, lakini watapungua, nawe utakula ubwabwa wako bila kutoa mabawa.

Kuna namba nyingine ndogo kwenye boksi, Ra au CRI, inasema balbu inaonyesha rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani, 100 ndio ya juu. Ukikuta 80 na kuendelea chukua, fundi cherehani tafuta 90, maana ukichagua uzi chini ya taa mbovu kesho mteja analeta gauni anasema uzi huu sio rangi yake, na kweli sio rangi yake. Bucha nyingine nazo zina taa za wekundu juu ya nyama, nyama yote inaonekana ya leo asubuhi. Kama una wasiwasi mwambie akutolee nje juani uione.

Jamani na pa kuiweka. Jikoni karibu nyumba zote balbu iko katikati ya dari, meza ya kukatia iko ukutani. Ukisimama kukata kitunguu taa iko mgongoni kwako, kivuli chako mwenyewe kinaangukia kwenye kisu. Unasema balbu hii haiwaki vizuri unaenda kununua kubwa zaidi, kivuli kinakuwa cheusi zaidi, basi. Sogeza taa iwe juu ya meza au mbele yako, balbu ndogo tu, umemaliza. Sebuleni vile vile, balbu mbili za lumeni 500 sehemu mbili zinakaa vizuri kuliko moja kubwa katikati inayoacha kona zote giza. Na wazee, jicho la mtu wa miaka 60 linahitaji mwanga mara mbili mara tatu ya la kijana kusoma kitu kile kile, kwahiyo bibi akisema hapa giza msimwambie bibi mbona panawaka, muongezeeni taa pale anapokaa.

Sasa hizi zinazokufa mapema. Boksi linasema saa 15,000, ukiwasha saa tano kwa siku ni zaidi ya miaka nane, mbona inakufa mwezi wa tatu? Mara nyingi vile vijiwe havijafa, kilichokufa ni draiva, kile kimzigo kilichopo kwenye shingo ya balbu kinachogeuza umeme, ndani yake kuna kapasita na kapasita hapendi joto. LED haitoi joto mbele kama globu ya waya, joto lake linabaki nyuma shingoni. Sasa we umeichukua ukaifungia ndani ya lile bakuli la kioo lililofungwa kila upande, ukaliweka juu kwenye gipsamu, joto halina pa kwenda. Nilikuwa na mteja kila baada ya miezi miwili ananipigia, balbu ya chooni imekufa, tumebadilisha kampuni tatu tunatukana viwanda vya watu, siku moja nikaacha bakuli wazi kidogo tu kwa sababu skrubu ilipotea. Ile balbu bado inawaka, ni mwaka wa pili huu. Skrubu sijaitafuta.

Angalia pia volti. Huku kwetu umeme ni 230 kwenye makaratasi, lakini saa moja jioni watu wote wakiwasha unashuka, mnajua wenyewe globu inavyokuwa nyekundu kama kaa la mkaa. Boksi likiandikwa 85-265V balbu hiyo inavumilia kupanda na kushuka, likiandikwa 220-240V hiyo imezoea kwa watu wenye umeme wa kueleweka. Nembo ya TBS itafute, na muuzaji anayekupa waranti aandike tarehe kwenye shingo ya balbu kwa kalamu, sio kwa mdomo.

Kijana mmoja hapa ana simu nzuri, hebu weka kamera kwenye sloo mosheni umulike hii balbu ya tatu. Inapiga mistari eeh? Inapepesa kama taa za disko. Umeme wetu ni wa 50, unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwahiyo balbu yenye draiva ya ovyo inapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kichwa kinajua, kuna watu kinawauma wakisoma chini ya taa kama hiyo. Mulika na ya pili, imetulia. Hiyo ndio kujaribishwa dukani kunakosaidia, nenda na simu. Na fundi seremala uko hapo nyuma, we sikiliza zaidi, chini ya taa inayopepesa msumeno unaozunguka unaweza kuonekana umesimama. Haujasimama.

Ile ya swichi ndio mmeniuliza sana. Kuna dada mpangaji alinipigia saa nne usiku, sauti ya chini kabisa, fundi njoo, taa ya chumbani nimeizima lakini haizimiki, inaniangalia. Nikaenda asubuhi, kweli, balbu imezimwa swichini lakini inang'aa kwa mbali, kama macho ya paka gizani. Alishaita mtu wa kuombea chumba. Nikachukua testa nikagusa kwenye holda, swichi ikiwa imezimwa, testa ikawaka. Aliyefunga ile nyumba alipitisha nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya laini, ule unaouleta. Ukizima unakata njia ya kurudi, lakini umeme wenyewe bado umekaa kwenye holda unasubiri. Globu ya waya ilikuwa haisemi kitu kwa sababu ule umeme mdogo unaovuja hauwezi kuiwasha, LED inakula kidogo sana kwahiyo hata mabaki yanaitosha. LED ndio imekuja kuwasema mafundi.

Na sio lazima iwe hivyo kila mara, swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha gizani nayo inaweza kuleta hilo, au nyaya ndefu zimelala pamoja. Lakini ukiiona ita fundi mwenye testa apime, kwa sababu hatari yake ni hii, umezima swichi, umepanda stuli, mkono una jasho, unabadilisha balbu ukiamini hakuna kitu, na kitu kipo. Kwahiyo mimi kwangu sheria ni moja, kubadilisha balbu unazima meini swichi, sio swichi ya ukutani. Yule dada sasa hivi analala vizuri, hela ya maombi haikurudi.

Enaji seva, zile za kujiviringisha, nazipita haraka maana zinaondoka zenyewe, nchi zilikubaliana kwenye Mkataba wa Minamata kuzisimamisha mwisho 2025. Sababu ni zebaki, ile ile wanayokamatia dhahabu kule Geita, ndani ya balbu ni miligramu chache lakini ipo. Kama unazo zitumie mpaka zife, ikivunjika fungua madirisha, toa watoto, usifagie, okota vipande kwa karatasi ngumu na ufute kwa kitambaa chenye maji, na usivitupe kwenye shimo la mboga.

Maswali. Mzee mmoja aliuliza za chaji, zile za kuwaka umeme ukikatika. Kijana wa mnadani anaishika mkononi inawaka watu wanapiga makofi, sio miujiza mzee wangu, ndani ina betri, na inasubiri njia ikamilike, mkono wako wenye unyevu ukigusa chuma zote mbili umekamilisha njia. Nyumbani umeme ukikatika swichi ikiwa imewashwa, njia inakamilika kupitia nyaya na vitu vingine vilivyochomekwa, inajua umeme umekatika, inawaka. Ukizima swichi ya ukutani umekata njia, inazimika. Ndio maana ukizima meini swichi kabisa nayo inaweza isiwake, watu wanakuja kunilaumu. Weka moja koridoni na moja jikoni inatosha, ukiweka nyumba nzima baada ya mwaka na nusu betri zote zimechoka kwa pamoja unaanza upya, afu bei yake mnaijua.

Swali la mwisho lilikuwa la mama wa vifaranga. Huyu alikaa kimya muda wote, akasimama akasema fundi mi mwanangu alinishauri nibadilishe taa zote niweke LED, nikabadilisha mpaka ya bandani, vifaranga wa wiki moja 100, asubuhi nimekuta wamelundikana kona moja, 23 wamekufa. Ukumbi ukanyamaza. Nikamwambia mama pole, mwanao hakukosea za ndani, alikosea ya bandani. Vifaranga wiki ya kwanza wanataka joto kama nyuzi 32 mpaka 35, wiki ya pili unapunguza nyuzi tatu hivi na kuendelea, wale hawahitaji taa, wanahitaji lile jiko tulilolicheka pale mwanzo. Zile hasara 95 za globu ya waya, kwa kifaranga ndio mama yake. Ishushe iwe karibu nao ila isiguse maranda, uwaangalie wenyewe, wakilundikana chini yake wanasikia baridi ishushe, wakikimbilia ukutani na midomo wazi ipandishe, wakisambaa wanakula umepatia.

Akauliza sasa nazipata wapi, madukani hawana tena. Nikaigusa ya kwenye ubao ilikuwa bado ya moto, nikasubiri kidogo, nikaichomoa nikaifunga kwenye kitenge nikampa, kitenge nikamwambia arudishe. Kwahiyo ubao wangu sasa hivi una holda moja wazi, mwenye globu ya zamani ya wati 60 isiyoungua, ya pini sio ya kuzungusha, anishtue nije kuichukua.